Lita Mia na Ishirini za Chai

Siku ya kumi na nne asubuhi, Bahili aliniuliza kwa nini walimu kumi na moja wanakunywa lita mia na ishirini za chai.

Swali lilikuwa kwenye kioo cha mtambo, kwa herufi zile zile za upole anazotumia kunijulisha kwamba chujio limeziba. "Tangu wiki iliyopita, bomba la chai la jikoni hutoa lita 120 kila siku kabla ya saa nne. Kiwango cha walimu ni lita 9. Joto hili halirudi. Je, walimu ni wazima?"

Nilicheka peke yangu kibandani hadi machozi yakanitoka. Halafu nikaona namba iliyoandikwa chini ya swali, na kicheko kikaniishia. Upotevu: tisa kwa mia.

Bahili si jina lake rasmi. Jina rasmi ni refu na limepigiliwa mlangoni kwenye kibati. Lakini wasichana wa shule ya Lusitulo walimbatiza siku ya kwanza, alipomkatia maji mmoja wao aliyekuwa amesimama kando ya bomba lililo wazi, anaimba. Mimi ndiye niliyemfunga na kumwasha, kwa hiyo na mimi nikapata jina langu. Nikipita mabwenini nasikia, "Jamani, fungeni mabomba, mama yake Bahili huyo!"

Shule iko juu kabisa, upande wa Njombe ambako mwezi wa saba nyasi huamka nyeupe kwa baridi na midomo ya watoto inapasuka. Zamani walikuwa na boila la kuni lililomaliza msitu mzima wa miwati, shina kwa shina. Kisha ikaja sheria ya kuzuia shule kuchoma kuni, boila likazimwa, na wasichana mia nne na kumi na wawili wakaoga maji ya mtoni msimu mmoja wa baridi. Waliniambia wenyewe jinsi ilivyokuwa: unajimwagia kikombe kimoja, unapiga yowe, unasema umeoga.

Sasa nyuma ya jiko tumechimba shimo la ukubwa wa darasa na kulijaza chumvi. Vioo vilivyo juu ya mapaa hukusanya jua na kulishusha kwenye chumvi hiyo hadi inayeyuka, na joto linalala humo wiki kadhaa likisubiri. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko mferejini. Msichana akishaoga, maji yanayomtoka mgongoni bado ni ya vuguvugu. Huko chini yanapita juu ya bomba la shaba lililozungushwa mara nyingi, na ndani ya bomba hilo yanapita maji mapya ya mtoni, baridi ya kuuma meno. Yale machafu yanaacha vuguvugu lao hapo na kwenda zake yamepoa, yale safi yanafika juu yakiwa yameshapata moto nusu. Joto moja linaogesha bweni zima, kisha la pili, kisha la tatu. Bahili kazi yake ni kupima: kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimerudi.

Na waliotupa mtambo huu, watu wa Mfuko wa Joto, walituwekea sharti moja. Siku ishirini na moja za majaribio. Katika siku saba za mwisho, upotevu usizidi nne kwa mia. Ukizidi, lori linakuja kung'oa vioo na kichwa cha mtambo kwenda shule nyingine, maana kuna shule sitini kwenye foleni. Nilibakiwa na siku saba hizo hizo, na tisa kwa mia, na chai.

*

Nilianzia ofisi ya walimu. Chai ilipoletwa nilikaa pembeni na daftari, nikahesabu vikombe.

"Fundi, unatuhesabia chai?" aliniuliza Mwalimu Mhema, wa fizikia, mkono ukiwa njiani kwenda kwenye kikombe cha pili.

"Endelea tu, mwalimu. Nataka kuona kama unafika lita kumi na moja."

"Kwa sukari hii ya Mama Kastori? Sifiki hata mbili."

Birika zilikuwa mbili, na moja ilirudi jikoni ikiwa imejaa nusu. Nikaifuata.

Mama Kastori ni mpishi mkuu, mwanamke wa miaka karibu sitini, mabega mapana, sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo. Nilimkuta amesimama kwenye bomba la chai anajaza ndoo. Si birika, ndoo. Alipomaliza aliifunika, akaiviringisha blanketi kuukuu, akaitoa kwa mlango wa nyuma. Nje, upande wa pili wa ua wa michongoma, walikuwa wamejipanga wanawake sita, wengi wao watu wazima, kila mmoja na ndoo yake.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kibena nyuma yake. "Hiyo chai mbona haina majani?"

Hakushtuka. Alimpokeza mwanamke wa kwanza ndoo, akahakikisha imekaa vizuri kichwani, ndipo akageuka.

"Kamwene, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri. Nilijua huyo mtoto wako atasema."

"Hawa ni akina nani?"

"Mabibi. Wanakanda wazazi." Alinitazama kama mtu anayepima uzito wa gunia kwa macho. "Boila la zamani, wasichana wakishamaliza kuoga, lilibaki na maji ya moto mpaka adhuhuri. Ya nani? Ya kumwaga tu. Nikasema kuliko kuyamwaga, huko chini kijijini kuna wanawake wamejifungua. Miaka ishirini na sita, fundi. Hakuna mtoto wa kijiji hiki ambaye mama yake hakukandwa kwa maji ya shule. Sasa hii mashine yako haibakizi."

"Kwa hiyo ukachota kwenye chai."

"Nilidhani inahesabu mabafu. Chai nani anahesabu?"

"Lakini nyumbani si wana umeme?"

"Wa kupimiwa. Mgao wa siku unatosha ugali, mboga na taa. Ndoo mbili za moto asubuhi, mbili jioni, siku arobaini, utazichemsha na nini? Vumilia, yule wa pale kwenye kinu cha mahindi, ana mapacha wa siku tisa. Hata kukaa hawezi vizuri. Bibi yake ndiye yule wa mwisho, Bibi Yustina. Amepanda mlima huu kwa miguu."

"Mbona hukuniambia wakati ninafunga mtambo?"

"Uliuliza wanafunzi wangapi, walimu wangapi, masufuria mangapi." Hakulisema kwa ubaya. "Wazazi hukuuliza."

Mimi nilijifungua Dar es Salaam, ghorofa ya kumi na nne, mume safarini na mama yangu mgonjwa huku nyumbani. Nakumbuka nilikaa sakafuni bafuni siku ya tatu, mgongo unaniuma mpaka nikashindwa kumwinua mwanangu, nikalia kwa kukosa mtu wa kunimwagia maji ya moto kiunoni. Nilitamani mikono ya mwanamke mzee kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Na mtu aliyekuja kuwanyima wenzangu mikono hiyo, kwa vipimo safi kabisa, ni mimi.

Bibi Yustina alikuwa bado amesimama pale na ndoo tupu. Nikaishika mwenyewe, nikaijaza.

*

"Mia nne na kumi na wawili," alisema Madam Ngailo, mkuu wa shule, "na sita."

Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza. Huyu ni mama mwenye ratiba mpaka ya kupumua, lakini nilimwona kwenye picha ya mwaka ule wa maji baridi iliyopo ukumbini: amesimama katikati ya wasichana, nywele zake zimelowa. Alioga yale yale waliyooga wao.

"Funga hilo bomba kwa siku saba," akasema mwishowe. "Tukifaulu majaribio, tutafungua tena, kimya kimya."

"Bahili hakai kimya, Madam. Anapima mwaka mzima, na ripoti zinakwenda. Tutamdanganya kila siku."

"Basi tumdanganye."

"Na hizo siku saba? Vumilia ana siku ya tisa leo."

Niliona kwamba ameshalipima hilo kabla sijalisema, na limemuumiza. "Otilia," akasema, na hakuwa amewahi kuniita kwa jina, "nikiwarudisha wasichana wangu kwenye maji ya mtoni, nitawaambia nini? Nipe njia nyingine, nitaifuata. Huna, funga bomba."

Nilirudi kibandani nikiwa na hasira na kila mtu, kuanzia chumvi. Swali la Bahili lilikuwa bado linasubiri jibu, na jibu langu ndilo litakalokwenda kwa Mfuko. Nilikaa mbele ya kioo muda mrefu. Nikaamua kudanganya. Sijivunii, lakini niliamua, na niliandika haraka kabla dhamiri haijaamka vizuri: "Lita 120 ni za kuoshea masufuria."

Bahili alijibu papo hapo. "Maji ya kuoshea masufuria hurudi mferejini yakiwa na joto. Haya hayajarudi. Yakirudi, sitayahesabu kuwa upotevu. Yako wapi?"

Nikasoma. Nikasoma tena, polepole, sehemu ile ya katikati.

Yakirudi.

Niliinuka kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Huyu maskini wa Mungu hakuwa na kinyongo na wazazi! Hajui hata mzazi ni nini. Hakujali nani anaoga. Alichotaka ni maji yasitoke nje ya ua na joto lake. Sisi ndio tuliokuwa tunaliviringisha joto kwenye blanketi na kulipitisha juu ya michongoma. Kama ndoo haiwezi kutoka, basi mzazi aingie.

Nilikimbia mpaka ofisini, mtu mzima na buti zangu.

"Ndani?" Madam Ngailo alisimama. "Hapa shuleni? Wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, fundi! Unataka niweke watoto wachanga saba katikati ya wasichana mia nne? Nani atasoma?"

"Saa tatu asubuhi, wote wakiwa darasani. Mabafu ya bweni la Tausi, yana mlango wa nyuma. Maji yanamwagika sakafuni, yanaingia mferejini, yanarudi. Hatumdanganyi mtu."

Alitembea hadi dirishani, akarudi. "Nesi awepo," akasema. "Na wasichana wasijue."

Hilo la pili nililiacha lipite. Wasichana mia nne wasijue!

*

Aliyebaki kushawishiwa hakuwa Madam, na hapa mimi na vipimo vyangu vyote tungekwama. Bibi Yustina alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini."

"Bibi, ni dakika kumi tu."

"Hata moja. Mimi nimekanda mia moja na zaidi, hakuna hata mmoja aliyepigwa na jua siku ya kumi. Nitaanza leo na mjukuu wangu?"

Wenzake watano wakaitikia. Nikamtazama Mama Kastori kama mtu anayezama.

"Mama," Mama Kastori akasema kwa ile sauti yake ndogo, "shule ina kigari cha kubebea magunia ya mahindi. Kina paa, kina pazia pande zote. Dereva akirudi nyuma mpaka kigari kiguse mlango wa nyumba, Vumilia akapanda. Kikienda kikagusa mlango wa bafu, akashuka. Hapo katikati ametoka nje saa ngapi?"

Bibi Yustina alifikiri. Akawatazama wenzake. Walijadiliana kwa Kibena, haraka sana, na mmoja alichora kwa kidole vumbini mlango na kigari.

"Pasiwe na upenyo," Bibi akaamua.

"Tutaziba kwa blanketi."

"Basi hajatoka."

Siku ya kumi na tano, saa tatu kamili, kigari cha magunia kilirudi nyuma kwenye mlango wa bweni la Tausi kikiwa kimefungwa mablanketi kama mgonjwa wa malaria. Ndani yake kulikuwa na wazazi sita, watoto wachanga saba na harufu ya unga wa mahindi. Mabibi walikuja nyuma kwa miguu, wakikagua upenyo.

Nesi wa shule alisimama mlangoni na kipimajoto. Nikafungua bomba. Bibi Yustina alitumbukiza kiwiko kwenye beseni, akakitoa.

"Hii nini?"

"Nyuzi arobaini na moja, bibi. Bahili hatoi zaidi, asije akamuunguza mtu."

"Haya ni ya kuogeshea vifaranga!"

Alikanda hivyo hivyo, ananung'unika, na Vumilia akaweka paji la uso ukutani, akafumba macho, akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia siku tisa. "Hapo, bibi," akasema. "Hapo hapo." Maji yalishuka mgongoni mwake hadi sakafuni, yakaingia kwenye tundu la mfereji. Nilikuwa nikilitazama lile tundu na machozi yakinitoka, jambo lisilo la kawaida kwa fundi bomba.

Kesho yake mabibi walikuja na dawa ya uvuguvugu. Kila mmoja alibeba kichwani chungu cha majani ya mkaratusi kilichochemshwa nyumbani, kikifuka moshi. Chungu kimoja umeme wa nyumba unakiweza. Nesi alipima, wakabishana, akapima tena, wakakubaliana nyuzi arobaini na tatu na si zaidi, na vyungu vikamiminwa kwenye mabeseni. Bafu zima likanukia. Mabibi wakaanza kuimba.

Hapo ndipo siri ilipokufa. Kidato cha pili walikuwa na somo la jiografia upande wa pili wa ukuta, na nilipochungulia niliona madirisha yamejaa nyuso. Siku ya kumi na saba mwalimu wa biolojia aliomba rasmi kuleta darasa lake. Siku ya kumi na nane kukawa na orodha ya zamu ukutani, wasichana wawili wawili, ya kushika watoto wakati mama zao wanakandwa, na sahihi chini ya orodha hiyo ilikuwa ya Madam Ngailo. Siku ya kumi na tisa kijijini walijifungua watatu kwa mpigo. Kigari kikaenda mara mbili.

Wala hakuna aliyeacha kusoma. Ila nasikia hesabu za asilimia, kidato cha pili wanazijua sasa kuliko Mwalimu Mhema, kwa sababu kila mchana walikuja kibandani kuniuliza, "Mama Bahili, leo ngapi?"

*

Siku ya ishirini na moja tulikuwa wanne kwenye kibanda cha watu wawili: mimi, Madam, Mama Kastori na Bibi Yustina, aliyekuja kwa sababu alitaka kumwona huyo anayebania moto. Nje wasichana walikuwa wamezunguka kibanda.

Ripoti ilijitokeza mstari mmoja mmoja. Wastani wa siku saba. Upotevu: moja kwa mia.

Nilisoma kwa sauti, mara mbili. Mama Kastori alikaa chini sakafuni na kucheka bila kuacha. Nje zilipigwa vigelegele ambavyo nina hakika vilifika kwenye kinu cha mahindi. Madam Ngailo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Moja?" akasema. "Tuliomba nne. Imekuwaje moja?"

Bahili naye alitaka kujua. Chini ya ripoti kulikuwa na swali, na ripoti isingekwenda kwa Mfuko kabla halijajibiwa. "Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, bweni la Tausi, joto linalorudi linazidi joto nililotoa. Hili haliwezekani bila chanzo kingine. Taja chanzo."

Nilivuta kibodi, lakini Madam alinisogeza kwa kiwiko. Alikaa, akanyoosha mgongo kama anayeandika barua ya serikali, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja.

"Mabibi. Wanakuja na vyungu vyao."

Kioo kilikaa kitupu kidogo. Kisha: "Nimeandika. Chanzo cha joto: mabibi. Idadi?"

"Tisa," Mama Kastori akasema kutoka sakafuni.

Madam aliandika tisa.

"Nimeandika. Ninapanga joto la mwaka ujao. Je, niwategemee mabibi hawa?"

Madam Ngailo alimgeukia Bibi Yustina, akamsomea swali lote, neno kwa neno, kwa heshima, kama linavyostahili kusomwa kwa mtu mzima. Bibi aliinama karibu na kioo akakitazama kwa muda.

"Mwambie anitegemee," akasema. "Ila aongeze moto."